Mapaja Yaliyokula Omena

Nilipokuwa mtoto... hapana, ngoja kwanza. Weka mkono hapo kifuani uniapie kwamba haya hayatatoka. Usimwambie mume wako, usimwambie jirani, na hasa usimwambie mtu yeyote wa Usenge, kwa sababu wajukuu wa yule mama bado wako pale, na ni watu wazuri, wananisalimia. Mama yangu aliniapisha mbele ya Biblia kwamba nitakufa nayo. Umeapa? Vizuri. Mimi kiapo changu nilikivunja wiki hiyo hiyo kwa binamu yangu, na tangu hapo nimewaambia akina mama wa kanisani, msusi wangu, na daktari wa meno aliyekuwa amenijaza pamba mdomoni. Kwa hivyo ikisambaa, tusilaumiane.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nilikuwa na mapaja. Najua, kila mtoto ana mapaja. Lakini yangu yalifika mahali kabla yangu. Watu waliyaona hayo kwanza, halafu ndio wananitafuta mimi. Nilikuwa na makalio ya mwanamke aliyezaa, mikono minene, na shingo fupi ya baba yangu. Ndugu zangu walikuwa wembamba kama fimbo za kuchungia mbuzi. Tulikula ugali mmoja, sufuria moja. Kwao chakula kilipita, kwangu kilikaa. Mimi sikuona kosa. Niliogelea nikawashinda wavulana, nilibeba debe la maji bila kumwaga, na tukicheza kusukumana hakuna aliyenisogeza. Niliupenda mwili wangu bila kujua kwamba ninaupenda, vile mtu anavyovuta pumzi bila kuifikiria.

Halafu omena, wale dagaa wa ziwani, ikaanza kupungua.

Pale bichi ya Usenge, akina mama walinunua omena mbichi kutoka kwa mashua alfajiri, wakaitandaza juu ya nyavu kuukuu mchangani, jua likaikausha, na alasiri wakaipima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kuitia kwenye magunia. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kila mama alijua beseni zake za asubuhi zinatoa magunia mangapi jioni. Hilo halihitaji shule. Msimu ule hesabu ilikataa. Huyu amepungukiwa kidogo, yule kidogo, kila siku, na hakuna mwizi aliyeonekana.

Kwetu kitu kikipungua bila mwizi, sababu ipo. Kuna jicho. Mtu mwenye jicho akiangalia chakula chako, tumbo linakusokota mpaka uviringike. Tuliwajua wenye jicho, tuliwakaribisha chakula kwanza ili tupone. Lakini Nyar Seme akaja na jambo jipya. Tulimwita hivyo, binti wa Seme, kwa sababu ndiko alikotoka alipoolewa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, sauti yake ndiyo iliyoongoza sala ya asubuhi kabla mashua hazijafika, na mama yangu alimsifu kila siku: "Ona vile leso inamkaa." Asubuhi moja akasimama katikati ya nyavu, mikono kiunoni.

"Hii si jicho," akasema. "Jicho inauma tumbo. Hii ni mwili. Mwangalieni huyu Awuor. Akipita hapa, omena inapungua. Omena ikipungua, yeye anaongezeka. Sasa niambieni, inaenda wapi?"

"Lakini hajainama kuokota," mama akasema polepole.

"Nani amesema ameokota? Mapaja yakisuguana hivyo inavuta. Nyanya yangu alijua msichana kama huyu huko kwetu. Akipita shambani, mtama inakauka."

Ninakuapia, hakuna mtu pale aliyewahi kusikia jambo hilo. Kufika saa sita mchana, kila mama alikuwa na nyanya aliyemjua msichana kama huyo.

Basi nikipita, wanafunika omena kwa magunia. Nikienda kuchota maji, nizunguke nyuma ya vyoo. Watoto wa shule wakanitungia sauti, wakinifuata na kufanya kwa midomo, "fwishi, fwishi, fwishi," kila hatua yangu. Mama alichana leso yake ya zamani vipande vipande, na kila asubuhi alinifunga mapaja, moja moja, kutoka gotini mpaka juu, ili yasisuguane. Kwa lile joto! Ngozi ilitoka malengelenge. Ugali wangu ukawa mdogo kama kiberiti. Na ukitaka kujua kinachonichemsha damu mpaka leo, si wao. Ni kwamba mimi mwenyewe niliamini. Nilijificha nyuma ya ghala nikayashika mapaja yangu kwa mikono miwili, nikayaomba yaache kula, kama unavyomwomba mbwa mkali asikuume. Nikayafinya. Nikayapima kwa vidole, leo yamepungua, leo hayajapungua. Mtoto ambaye juzi alikuwa anaogelea.

Mjukuu wangu anaishi hapa Kisumu kwa mama yake, Milimani, nyumba ina vyoo vitatu. Mtoto mzuri, mwili wake ni huu wangu nimeuona ukizaliwa upya. Mwezi uliopita nikamkuta anakunywa chai fulani ya majani inayomkimbiza chooni siku nzima, kwa sababu dada mmoja kwenye simu mwenye kiuno cha nyigu amesema nyama ni aibu. Nikamuuliza, nani amekwambia mwili wako una makosa? Akasema, "Kila mtu anajua, Dani," yaani nyanya. Kila mtu! Ninamjua huyo kila mtu. Asubuhi alikuwa mmoja, saa sita wakawa wote. Nikaichukua ile chai nikaimwaga chooni, ikafika bila kumpitia mtoto.

Lakini turudi. Nilikonda. Mashavu yaliingia ndani, mfupa wa bega ukaonekana. Omena ikaendelea kupungua. Unafikiri walisema, basi, si huyu mtoto? Nyar Seme alisema mwili umekasirika kwa kunyimwa, sasa unavuta zaidi. Hapo ndipo ningejua, kama ningekuwa na akili za leo, kwamba hakuna unene wala wembamba ambao ungemridhisha yule mwanamke. Wakaamua nichanjwe. Kuna mama mmoja wa upande wa Sondu aliyejua kuchanja; aje na wembe, anitie chale saba kila paja, apake majivu ya omena iliyochomwa. Na ifanyike Jumamosi, hapo hapo bichi, mbele ya wote waliopungukiwa.

Nyanya yangu mzaa baba, naye tulimwita Dani, alikataa. Alikuwa akivuta sigara kwa kuuweka ule upande wa moto ndani ya mdomo, kama wazee wa wakati ule, kwa hivyo maneno yake yalitoka na moshi.

"Mimi jicho naliamini," akamwambia mama. "Lilinipata mimi mwenyewe, nusura nife. Lakini uzee wangu wote huu sijaona mapaja yenye meno."

"Mama, watanifukuza pale," mama yangu akalia. "Nikikosa nafasi yangu mchangani, hawa watoto watakula nini?"

Dani akavuta moshi, akatazama ziwa.  Mimi jibu la hilo sina mpaka leo, ndiyo maana hasira yangu kwa mama huwa inafika mahali inakaa chini.

Jumamosi wakakusanyika. Mama zaidi ya ishirini, duara, na wavuvi wachache wakijifanya wanashona nyavu. Nikalazwa juu ya gunia. Mama akanifungua vile vitambaa, mapaja yangu yakawa uchi juani mbele ya Usenge nzima, yana michirizi na vidonda. Mtu mmoja akacheka. Ninamjua, ameshakufa, nilienda matangani nikala vizuri.

Yule mchanjaji alikuwa mama mdogo wa mwili, mpole, akifungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake. "Nahitaji mmoja wa kumshika," akasema.

"Mimi hapa," sauti ikatoka nyuma. Nyar Seme alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa nyavu. Alisema alibaki kufukuza ndege. Akapenya katikati ya watu, akapiga magoti kando yangu, akanilalia magoti kwa mikono yote miwili.

"Tulia mwanangu," mchanjaji akasema.

Wembe ukashuka mara moja. Nikapiga ukelele, nikarusha mikono nishike chochote, nikaishika nyonga ya Nyar Seme. Nikaifinya.

Unakumbuka nilikuwa nimekaa wiki ngapi nyuma ya ghala, nikijishika na kujifinya? Hakuna mtu pale bichi aliyejua nyama kuliko mimi. Nyama ina joto. Ukiifinya inakataa, ukiiachia inarudi mahali pake. Hii haikurudi. Ilikuwa baridi, na ilivunjika ndani ya vidole vyangu, chakarachakara. Nikafinya tena, kwa nguvu.

"Niachie, wewe!" Nyar Seme akasema kwa meno.

"Dani!" nikapiga kelele. "Dani, njoo! Nyonga ya huyu mama inavunjika!"

Kwa kweli nilidhani nimemuua. Dani akasogea na mkongojo wake, akatoa sigara mdomoni, jambo alilolifanya kwa ajili ya chakula na misiba tu. Akainama akamgusa Nyar Seme pale nilipokuwa nimeshika. Akagusa na upande wa pili. Halafu akashika fundo la leso akavuta. Leso ya kwanza ikaanguka. Nyar Seme akaidaka ya pili, wakaivuta wawili, ikachanika, na chini yake kulikuwa na foronya mbili zimeshonwa pamoja, zimezungushwa kiunoni kama tandiko la punda. Foronya moja ikapasuka. Omena kavu ikamwagika juu ya miguu yangu, inameta, nyingi, mpaka ikanifunika magoti.

Ndege yangeyange walikuwa wa kwanza kuelewa. Walishuka wanne, wakaanza kula, na hakuna aliyewafukuza.

Mchanjaji akatazama wembe wake, akatutazama. "Sasa," akauliza, "nimchanje nani?"

"Wuololo!" mama mmoja akalia.

"Kumbe," Dani akasema. "Asubuhi unakuja kijiti, mchana unarudi na nyonga za bibi harusi. Na sisi hatuoni, macho yote tumeyaweka kwa mtoto."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakunichukia, hilo ndilo nililolielewa nikiwa mtu mzima, na limenikasirisha zaidi kuliko chuki. Alihitaji tu mahali pa kuyapeleka macho ya watu, na mwili wangu ulikuwa mkubwa wa kutosha.

"Nisameheni, mama zangu," Nyar Seme akasema, bado amepiga magoti, ameishika ile leso iliyochanika. "Ni shetani."

Na unajua, walianza kumsamehe! Damu yangu haijakauka. Mmoja akamletea kikombe cha maji. Wengine wakainama kuokota omena juu ya miguu yangu na kugombana hii ni ya nani. Mama yangu naye aliinama akaokota. Hakuna aliyeniambia pole, hakuna aliyesema kumbe mwili wa huyu mtoto ulikuwa mwili tu. Mwizi alikuwa amepatikana, jambo limekwisha. Kwangu halikwisha. Nilikaa miaka nikipita karibu na chakula cha watu kwa kutanua miguu. Niliolewa, na mume wangu, mtu mpole, alinibembeleza muda mrefu kabla sijakubali anione mchana. Nilikuwa nimezaa watoto watatu siku niliporudi kuoga ziwani na wanawake wenzangu, nikaiangalia ile chale moja iliyobaki, nikajisemea, haya mapaja yamenibebea maji, yamenibebea watoto, na hayajawahi kumwibia mtu hata dagaa mmoja. Kutoka hapo ndio nikaanza kuyapaka mafuta kwa heshima.

Lakini sitasema kwamba siku ile nililala tu pale. Niliamka. Omena ikamwagika chini, damu ikanishuka mpaka kisiginoni, na sikujifunika. Nikasimama mbele ya Nyar Seme.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini, mwanangu?"

"Sema mapaja yangu hayakula."

Wanawake wakaacha kuokota. Mama akaniita kwa sauti ya kunionya, mtoto hasemi hivyo na mtu mzima. Dani akainua mkongojo kidogo tu, mama akarudi nyuma.

"Mapaja ya Awuor hayakula kitu," Nyar Seme akauambia mchanga.

"Sijasikia."

"Mtoto hajasikia," Dani akasema.

Nyar Seme akainua uso. Foronya ya pili ilikuwa bado inaning'inia kiunoni, upande mmoja mnene, upande mmoja mtupu, na wavuvi wote walikuwa wameacha kushona.

"Mapaja ya Awuor hayakula kitu!" akapaza sauti, mpaka waliokuwa kwenye mashua wakageuka.

"Sijasikia," nikasema tena.

Masikio yangu yalikuwa yamesikia tangu mara ya kwanza. Nilikuwa nasubiri mapaja yasikie.