Mama Zipu na Gurudumu la Mji wa Furaha

Mwaka tisini na tano, kama zipu ya begi lako ilikufa ukiwa karibu na Mkuyuni, watu walikuelekeza kwa Mama Zipu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Sabina, na la baba yake Shimba, lakini sokoni yote mawili yalishamezwa na zipu. Alikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya wauza mitumba, cherehani mbele yake, kopo la maziwa lililojaa vichwa vya zipu pembeni. Kabla ya hapo alikuwa kiwandani, miaka kumi na tisa kwenye mashine za kusokota nyuzi, mpaka asubuhi walipobandika majina ya waliopunguzwa na lake likawemo. Alirudi nyumbani, akalala siku mbili, ya tatu akatafuta cherehani. Marobota ya mitumba yalikuwa yameanza kumwagika mjini, na yeye aligundua mapema kwamba Wazungu hawatupi koti kwa sababu ya koti. Wanalitupa kwa sababu ya zipu.

Basi miaka hiyo tajiri mmoja alifungua mahali pa starehe kando ya ziwa, ukiipita Igoma na kuchepuka kushoto. Akapaita Mji wa Furaha. Kulikuwa na vyumba vya wageni vilivyoezekwa kwa nyasi, kigari moshi cha watoto, na bwawa la kuogelea. Bwawa hilo liliwashangaza watu sana, maana lilichimbwa hatua mia moja tu kutoka ziwani. Lakini cha kwanza kutajwa kilikuwa gurudumu. Lilisimama wima, refu kama ghorofa nne, lina viti kumi na viwili vinavyoning'inia, na umeme ukiwashwa linazunguka na watu wake.

Mama Zipu alilisikia kwa mteja mmoja, akaacha kushona.

"Linazunguka na watu? Wanakaa wapi?"

"Kwenye viti."

"Na kiti kikifika juu hakipinduki?"

Mteja hakujua. Yeye alipanda akiwa amefumba macho.

Tangu siku hiyo kila aliyeleta begi aliulizwa kama amefika Mji wa Furaha, na kama amefika, kule juu aliona nini. Mmoja alisema unaiona Ukerewe yote. Mwingine akasema unaona mabati tu. Fundi redio mmoja wa Igogo aliapa kwamba aliona mpaka kwao Magu, na mkewe, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema, "Muongo huyu, alikuwa anasali."

Odeta, aliyekaanga samaki kibanda cha jirani, alichoka kusikia.

"Wewe Mama Zipu, mwaka wa hamsini na sita huo, unataka kubebwa na chuma ukatazame nini?"

"Ningejua, ningeenda?"

"Basi nenda! Si mkweo ndiye anayeliendesha?"

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwendeshaji wa gurudumu, na wa pekee, alikuwa Okwach, Mjaluo wa Rorya, mume wa Tereza, binti wa Mama Zipu. Na kama umekulia kwetu, huhitaji kuelezwa zaidi. Mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kupishana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jina la mwenzio hulitaji. Katika hilo Wasukuma na Wajaluo hawakuhitaji mkalimani. Kwa miaka sita Mama Zipu akiingia mlango wa mbele kwa Tereza, Okwach alitoka wa nyuma. Wakikutana njiani, kila mmoja alichuchumaa upande wake wa barabara, wakasalimiana wakitazama majani, wakainuka.

Sasa mama huyo huyo alitaka kupanda gurudumu, na mkwe huyo huyo ndiye aliyemfunga kila abiria chuma cha mapajani kwa mikono yake. Kisha alisimama chini, na abiria akawa juu ya kichwa chake. Mama Zipu alilitaka gurudumu lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu atoke kiwandani. Lakini heshima ya mkwe aliikuta ipo, na hakukusudia kuwa yeye wa kuivunja.

Akaanza kupanga. Kwa kuwa hakuweza kumuuliza Okwach, alimtuma Tereza, akimtaja mkwe kwa jina la mjukuu wake.

"Muulize baba Awuor, umeme ukikatika mtu akiwa juu, anashukaje?"

Tereza alirudi keshoye. "Anasema kuna mpini wa chuma pale chini, wanazungusha kwa mkono, kama kusaga mahindi."

"Mmh. Muulize mpini huo unashikana na gia au na mkanda."

"Mama, kwani mimi ni posta?"

"Muulize tu, mwanangu. Na grisi wanaweka wapi?"

Safari ya tatu Tereza alileta karatasi ya daftari. Okwach alikuwa amechora gurudumu lote kwa kalamu ya risasi, gia, mkanda, breki na mahali pa grisi, na chini ameandika: *Mwambie mama anauliza vizuri. Tajiri mwenyewe hajawahi kuuliza habari ya grisi.* Mama Zipu aliibandika karatasi hiyo ukutani mwa kibanda. Odeta alipita akaitazama.

"Loo! Barua ya mkwe ukutani. Watu wataanza kusema."

"Waseme. Hiyo si barua, hiyo ni mashine."

Mpango wa kwanza ulikuwa kwenda Jumatatu, siku ambayo Okwach hakuwa kazini. Wakaulizia. Jumatatu gurudumu halizunguki, kwa sababu Okwach hayupo. Mpango wa pili ulikuwa Tereza ajifunze kufunga chuma. Ukafaa. Tereza alikwenda mara mbili, mumewe akamfundisha: unavuta chuma mpaka kilie *kah*, unakitikisa mara moja, unapaza sauti, "Tayari!" Likishasikika neno hilo, mwendeshaji anasukuma mpini wa kuendeshea.

Ikabaki shida ya mama kuwa juu na mkwe kuwa chini, akiinua macho. Hiyo Mama Zipu aliitatua mwenyewe kwa cherehani. Alishona gauni zito la bluu, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kwenye pindo akatia zipu ndefu aliyoitoa kwenye begi la kulalia la Wazungu. Ukishakaa unaifunga, miguu yote inabaki ndani.

Odeta alicheka hadi samaki wakaungua. "Ukianguka tutakuokota kama gunia la viazi!"

Okwach aliposikia habari za gauni, alituma neno la mwisho: *Mwambie mama asihangaike. Siku hiyo nitageuka nyuma, nitatazama ziwa. Tereza atasimama karibu yangu, ikitimia mizunguko mitatu ataniambia nisimamishe.*

Kila kitu sasa kilikuwa na mtu wake. Wakachagua Alhamisi, siku isiyo na watu wengi.

Walifika kabla ya saa sita. Langoni Mama Zipu alisimama, akapiga hodi. Mlinzi alimtazama, akatazama lango lililokuwa wazi.

"Ingia tu, mama."

"Ninaingia, baba. Wenyeji wako wapi?" Akatoa kwenye kikapu mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, maana huendi mahali mara ya kwanza mikono mitupu. Mlinzi alisema hapa hakuna wenyeji, kuna tiketi. Hata hivyo mfuko aliupokea, na walipogeuka alikuwa ameshaanza kutafuna.

Gurudumu lilikuwa mwisho wa njia ya kokoto. Okwach aliwaona kwa mbali. Alichuchumaa, akasalimu ardhi, "Shikamoo mama." Mama Zipu akachuchumaa naye, akaijibu ardhi hiyo hiyo, "Marahaba baba." Kisha Okwach akainuka, akashika mpini, akageukia ziwa kama alivyoahidi. Juu ya kibanda cha tiketi spika ilipiga muziki wa dansi kwa sauti ya kuamsha mawe. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mama Zipu hakukaa moja kwa moja. Kwanza aliizunguka mashine, akaichungulia gia, akagusa mkanda kwa kidole na kukinusa kidole. Ndipo akakaa kwenye kiti, akafunga zipu ya gauni mpaka mwisho.

"Haya, nifunge. Hiki kinaingia wapi?"

"Upande ule, mama. Subiri." Kishikio kilikuwa upande wa pili, mkono wa Tereza haukufika. Akakaa kidogo kando ya mama yake ili akifikie, akavuta chuma, kikalia *kah*, akakitikisa mara moja na, kama alivyofundishwa, akapaza sauti:

"Tayari!"

Okwach akasukuma mpini.

Kiti kilipoondoka ardhini ndipo wote wawili walipotazama mahali alipotakiwa kusimama Tereza, pale karibu na mumewe, pakawa patupu.

"Baba Awuor!" Tereza aliita. Muziki na mngurumo wa mashine vikaimeza sauti yake. Okwach alikuwa ametulia kwa adabu zote, mgongo kwao, akisubiri mkewe amwambie.

Mzunguko wa kwanza Mama Zipu alishika chuma kwa mikono miwili, akaligundua tumbo lake: linabaki nyuma, halafu linakimbilia kuwahi. Wa pili akaachia mkono mmoja. Na wa tatu akatazama. Ukerewe haikuwapo, ilikuwapo ukungu tu mahali ambapo ingekuwa. Lakini aliona dagaa waliotandazwa mchangani, waking'aa kama kipande cha bati kilichodondoka. Akaona mabati mapya ya Igoma, mengi kuliko alivyodhani, na kati yake majabali makubwa yaliyokataa kuondoka. Aliona bwawa la tajiri, dogo kama beseni, na ziwa pembeni yake likiwa halina habari nalo. Na kila mara kiti kiliposhuka aliona kitu kingine ambacho hakukipanga, utosi wa mkwewe. Katikati palikuwa na upara wa duara kama sahani ya kikombe. Miaka sita, na hakuwahi kujua kwamba Okwach ana upara. Akageuza uso haraka. Mzunguko wa nne akautazama tena.

Kwenye wa saba Tereza aliacha kuita.

"Mama, natapika."

"Vumilia, atageuka."

"Hageuki, mama! Yule akisema hageuki, hageuki!" Rangi ilikuwa imemtoka, amekilalia chuma. Kwenye wa nane akatapika pembeni mwa kiti, na kwenye wa tisa kichwa chake kikalegea begani kwa mama yake.

Mama Zipu alisubiri tena nusu mzunguko. Nataka ujue kwamba alisubiri. Alitazama langoni, mlinzi alikuwa anatafuna. Akafikiria kutupa kiatu, miguu ilikuwa ndani ya zipu. Angeweza kusema "baba Awuor", lakini neno hilo Tereza alishaliita mara ishirini na halikufika. Akavuta pumzi, akatoa sauti ile waliyotumia kiwandani kuitana kutoka mwisho mmoja wa mashine hadi mwingine.

"OKWACH!"

Mlinzi alisimama. Ndege weupe waliruka majini. Okwach aligeuka kama aliyepigwa, akainua macho, na macho yake yakakutana na ya mkwewe ana kwa ana, yeye chini, mama juu, wala hakuna aliyewahi kuyakwepesha.

Akavuta breki. Kiti kikashuka taratibu mpaka mbele yake. Alifungua chuma kwa mikono yake mwenyewe, wakambeba Tereza pamoja, mmoja huku, mmoja kule, wakamlaza kwenye nyasi kivulini. Okwach akazima spika, akaleta maji. Tereza alikunywa, akafumba macho, akasema, "Msiniulize kitu chochote, nyote wawili."

Palikuwa na benchi moja tu karibu yake, na hakuna aliyetaka kumwacha mgonjwa. Mama Zipu akakaa kutazama gurudumu. Okwach akakaa ncha nyingine, kutazama ziwa. Mgongo kwa mgongo.

"Nimelitaja," alisema Mama Zipu mwishowe.

"Nimesikia, mama. Nadhani hata kwetu Rorya wamesikia."

Tereza alicheka akiwa amefumba macho, akajishika tumbo.

"Itabidi tukae na wazee," akasema Mama Zipu. "Watatuambia tufanye nini."

"Tutafanya, mama." Kisha Okwach akajikohoza. "Sasa mama, kwa kuwa limeshaharibika... kule juu kukoje?"

Mama Zipu alitaka kugeuka, akajizuia. "Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye mwenyeji wake?"

"Sijawahi kupanda. Fundi aliyelileta alinifundisha mpini siku mbili akaondoka. Tangu hapo nikiwa juu, nani atakuwa chini?"

Mama Zipu akalitazama gurudumu. Akamweleza habari ya tumbo na ya dagaa. Habari ya upara akaiacha. Alipofika kwenye bwawa dogo kama beseni, Okwach alicheka kwa sauti, na ndipo mama alipofungua zipu ya gauni lake, akasimama, akatembea mpaka kwenye mpini. Aliushika kidogo kuupima uzito wake, akageukia ziwa.

"Kusukuma ni kwenda, kuvuta ni breki?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Tereza, lala hapo hapo unihesabie. Mitatu, na useme kwa sauti."

Nyuma yake alisikia kokoto zikilia, polepole, kisha kiti kikilalamika kwa uzito wa mtu. *Kah*.

"Umekitikisa?"

"Nimekitikisa, mama."

"Haya," akasema Mama Zipu, akasukuma.