Ushuru wa Uwanja wa Malori

Miaka ile ya wakimbizi, kijiji chetu, kando ya barabara ya kwenda Kasulo, kiligeuka mji bila mtu yeyote kukiomba kigeuke. Malori ya chakula cha kambini yalikuja kwa misafara. Kambini yaliingia kwa zamu, kwa hiyo yalisubiri kwetu, kwenye uwanja wa kijiji, tangu asubuhi mpaka alasiri. Madereva walishuka na njaa, na wanawake wakapanga mafiga pembeni. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, aliyenilea. Chungu chake cha maharage pale uwanjani ndicho kilichotulisha wote nyumbani, pamoja na mimi na shahada yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikisubiri ajira. Mwenyekiti wa kijiji aliniita nimsaidie kazi za ofisi, na siku moja akaniuliza kijiji kingepata wapi fedha za kumalizia zahanati, ambayo ilikuwa imeishia kwenye lenta, haina paa. Nikautaja uwanja. Ardhi ni ya kijiji, nikasema, magurudumu yanaichimba, mvua ikinyesha hapapitiki, wanaoitumia wachangie. Mkutano wa kijiji ulikubali kwa makofi: kila lori lilipe ushuru kabla ya kuingia. Makofi yale yalinitia hofu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyepinga.

Siku ya kwanza, kamba ya katani ilifungwa kati ya nguzo mbili, nami nikasimama kwenye ncha yake na stakabadhi mfukoni. Lori la mbele likafika, likapiga honi. Dereva alikuwa mtu mzima mnene, taulo shingoni.

“Kamba ya nini, bwana mdogo? Mnaanika nguo?”

“Shikamoo mzee. Ni ushuru wa maegesho. Wa kijiji.”

“Marahaba. Nalipia nini?” Akautazama uwanja. “Maji yapo?”

“Bado.”

“Choo?”

“Bado, mzee.”

“Mlinzi je? Safari iliyopita nilichaniwa turubai hapa hapa. Basi nalipia vumbi. Vumbi hata kwetu Singida lipo, tena la bure.”

Utingo wake alicheka mpaka akashika mlango. Nyuma yao honi zilianza kuitana. Dereva akainama dirishani, safari hii bila utani. “Sikiliza. Upande wa Biharamulo tunaweza kusubiri bila kulipa. Nikigeuza mimi, hawa wote wanageuza. Na kurudi hawarudi.”

Wanawake walikuwa wamesogea. Jirani yetu mmoja, mwiko mkononi, akamwambia shangazi kwa sauti ya kusikika barabarani, “Mtoto wako kasoma mpaka kasomea kutufukuzia wateja!”

“Mwache afikiri,” shangazi akajibu.

“Anafikiri tangu azaliwe huyu! Maharage yataungua.”

Nikifungua kamba, nitakuwa nimevunja azimio la mkutano siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna atakayelipa tena. Nisipofungua, moto wa shangazi utazimika leo hii. Viganja vilinitoka jasho mpaka katani ikalowa. Niliyapitia hayo mawili mara nyingi, na kila mara nilirudi palepale.

Kilichonijia ni rubisi. Kwetu hakuna anayelipia pombe ya ndizi kabla hajaonja. Mwenye pombe humchotea mnunuzi kidogo, naye huvuta mrija, hutafakari, ndipo waanze kusemezana bei. Anayedai fedha kabla ya kuonjesha, watu huamini pombe yake imechacha. Na sisi, kijiji kizima tuliokulia kwenye mirija hiyo, tulikuwa tumekaa mkutanoni tukapitisha kudai kwanza.

“Ingieni,” nikasema. “Onjeni kwanza, mtalipa mkitoka. Nitalinda mwenyewe. Mwenye kuibiwa halipi.”

“Na choo?”

“Kinakuja.”

Sikujua kinatoka wapi. Nikaishusha kamba, malori yakapita juu yake. Mwenyekiti akaja mbio.

“Nani kakuruhusu?”

“Hakuna, mwenyekiti.”

“Wakiondoka bila kulipa?”

“Nitawaeleza wanakijiji mwenyewe.”

“Utawaeleza ukiwa umejificha wapi?”

Mchana ule sikula. Nilizunguka malori, na kila aliyeegemea gurudumu nilimwona mwizi. Shangazi aliwaambia wenzake wageuze viti, wapike wakitazama malori badala ya barabara. Nyuma ya lori la mwisho niliona mtu amejibanza kwenye turubai. Nikamkimbilia nikipiga kelele. Alikuwa utingo, anajisaidia.

“Hicho choo chako kinakuja lini?” akauliza bila kugeuka.

Alasiri zamu yao ilifika. Injini zikawaka, na hakukuwa na kitu cha kuwazuia. Yule dereva mnene hakupanda. Alianza kulizunguka lori lake, akivuta kamba za turubai fundo moja baada ya jingine. Akainama chini, akagonga tangi la dizeli. Mwiko wa jirani ulisimama hewani. Alipomaliza upande wa pili alikuja akasimama karibu yangu sana.

“Andika.”

Nikaandika stakabadhi, akanihesabia fedha. Wenzake walifuata. Wawili waliondoka kwa kasi bila kulipa, na hatukuwakimbiza.

“Leo nimeonja,” dereva akasema akipanda. “Msafara ujao tusipokuta choo, tunasubiri Biharamulo.”

Mwenyekiti alizipokea fedha kwa mikono miwili. Nilipotaja choo akatikisa kichwa. “Hizi ni za zahanati. Choo hakikupitishwa.”

“Bila choo hawarudi, mwenyekiti. Wasiporudi hakuna zahanati, na kina mama hawa hawatauza.”

Akaitazama barabara, vumbi halijatulia. “Haya, nitawaita watu wakutane. Lakini kukutana ni wiki nzima. Msafara hautusubiri. Nani atachimba?”

“Nitaanza mimi.”

Shangazi alikuwa anakwangua ukoko. “Jembe liko nyuma ya mlango,” akasema. “Koleo tutaazima parokiani. Na uchimbe mbali na moto wangu.”