Breka Ilikuwa Juu

Kwa watu, kila kitu ni shoti. Balbu ikiungua, shoti. Friji ikigoma, shoti. Miaka ishirini na miwili ya ufundi umeme nimewaeleza mpaka mate yamenikauka: shoti ni waya mbili zisizotakiwa kugusana zikigusana. Zikigusana tu, breka inaanguka, umeme unakatika. Basi! Wanaitikia, "Sawa, fundi," kisha wanarudia yale yale. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyumba ya wazazi niliifunga umeme mwenyewe. Chumba cha nyuma kilipoungua, moshi ulimkuta baba kitandani, na miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Mama alikuwa katoka kwenda kwa jirani, dakika mbili tu.

Kesho yake niliingia na tochi. Sikulia. Nilisikia njaa, basi. Majirani walikuwa wamezima swichi kubwa ya nje, ila breka ya chumba kile ilikuwa juu. Ingekuwa shoti, ningeikuta chini. Penye meza nikakuta pasi ya mama imelala kifudifudi, plagi ingali kwenye soketi. Alikuwa akimnyooshea baba shati la kwendea hospitali.

Mama akijua, hamalizi mwezi. Nikachomoa plagi. Pasi nikaitia kwenye mfuko wa vifaa, chini ya koleo. Halafu nikaishusha breka kwa kidole.

Uani, baba mdogo alikuwa keshatoa hukumu. "Si nilisema? Shoti hiyo!" Kisha akakumbuka nani alifunga zile waya, akatazama viatu vyake.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye mjuzi. Ni nini?"

"Shoti, mama."

"Waya zako?"

"Ndiyo. Waya zangu."

Hakunisemesha miezi minne. Kazi nazo zikapungua. Mteja wangu wa siku zote aliniambia, "Fundi, tutakuita," mpaka leo hajaita. Watu wananiuliza kama naumia. Naamka, nafagia, nalala.

Jana mama kanitumia mtu, nikaenda. Kanikalisha karibu yake, kanishika mkono kama zamani.

"Nimefikiri sana," akasema. "Kuteleza si kuanguka. Baba yako harudi. Nimekusamehe, mwanangu."

Nikamwambia, "Asante, mama."