Vitunguu vya Dereva

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna gauni lililowahi kutoka mikononi mwake likiwa na pindo la kwenda upande. Ukimpelekea nguo akakuahidi Ijumaa, Ijumaa unaikuta imekunjwa na kupigwa pasi, pamoja na maneno mawili matatu ya kukusuta kwamba umenenepa. Hakuwa na simile, na wateja walimpenda hivyo hivyo. Lakini tangu mumewe afariki, miezi kumi na moja sasa, alikuwa akishona roho juu, kwa sababu ya harufu.

Harufu ilikuwa ya kitunguu kilichopondwa. Ilikuja karibu kila siku saa tisa alasiri, ikapenya dirishani na kumkuta kwenye cherehani. Jikoni wakati huo hakuna moto. Mama mkwe wake, waliyebaki naye wawili tu nyumbani, huwa amejilaza chumba cha nyuma. Na pazia la dirisha Bi Pindo hulifunga mchana kutwa ili jua lisichujushe vitambaa vya watu, kwa hiyo cha nje alikuwa hakioni.

Alijua tu kilichokuwa hapo nje: tuta la marehemu. Mumewe alikuwa dereva wa shamba la maua, na vitunguu vya maua vilivyokataliwa kwa kuwa na kovu alivileta nyumbani vimefungwa kwenye gazeti. Hivi si vya sufuria. Hupandwa kwa ajili ya ua lake tu, bua refu lenye kichwa cha zambarau cha mviringo juu yake, ingawa majani ukiyakanyaga harufu inakuambia mara moja kwamba ukoo wake ni kitunguu. Dereva alivipanda kwa kupima: shimo la kina mara tatu ya kitunguu chenyewe, mchanga kidogo chini visije vikaoza, ncha ikitazama juu. Mkewe alimwambia mara nyingi kwamba yeye hajawahi kutandikiwa kitanda kwa uangalifu namna hiyo. Dereva akicheka, na kila siku akirudi kutoka kazini, saa tisa, alipitia tutani kwanza kabla ya kuingia ndani.

Jioni ya mwisho ya Dereva, Bi Pindo alitoa vitunguu viwili kwenye kapu la jikoni, akavikaanga. Vilikuwa vikubwa kupita kiasi na vichungu kidogo, naye akamlaumu muuzaji wa sokoni. Dereva alitafuna, akauliza vimetoka wapi. Akajibiwa, kapuni. Akainuka, akaenda barazani alikokuwa ameacha gazeti lenye vitunguu vya kupanda, akalikuta tupu, akarudi, akamaliza chakula chake bila kusema neno. Asubuhi aliondoka bila kuaga. Saa nne walimpigia simu Bi Pindo kutoka shambani: moyo wa Dereva ulikuwa umesimama akiwa bado kwenye usukani.

Daktari alisema moyo ule ulikuwa mbovu miaka mingi. Chakula kile walikula wote watatu, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Hilo Bi Pindo alilielewa. Asichokielewa ni ule ukimya, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kujua kama mumewe aliondoka akiwa amemkasirikia. Kwa hiyo harufu ilipoanza, hakuona haja ya kuuliza ni nani. Alisimamisha cherehani, akalisogelea pazia na kunong'ona, "Nisamehe basi." Kisha alisubiri. Mzimu kumjia hakukumsumbua. Kilichomkata maini ni kwamba amekuja na bado hasemi. Kufungua pazia hakuthubutu, asije akakuta hakuna mtu.

Siku moja uzi ulimwishia saa tisa kasorobo, na harufu ikamkuta mikono mitupu. Akapiga moyo konde, akatokea mlango wa jikoni, akazunguka nyumba.

Mama mkwe alikuwa katikati ya tuta, peku, kanga ameinyanyua kwa mkono mmoja. Alikuwa akiponda jani kwa kisigino, polepole. Kisha akainama, akaliokota, akalisugua viganjani na kuvipeleka puani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nanusa mikono ya mwanangu," alisema bibi.

Miezi kumi na moja Bi Pindo alikuwa akiomba msamaha kwa visigino vya mama mkwe wake. Angekuwa ni mwingine, angecheka akakosa mbavu. Yeye aliegemea ukuta. Bibi alimtazama.

"Mwanangu, ni mimi niliyevitia kapuni vile vitunguu. Nilivikuta vimezagaa barazani, nikasema huyu mkwe wangu siku hizi mvivu. Ulipovikata nikanyamaza. Na yeye aliporudi toka barazani, aliniangalia mimi, hakukuangalia wewe. Nikainamisha macho. Yakaishia hapo."

Bi Pindo alirudi ndani. Alikalia kiti chake, akavuta gauni la mtu, akaanza kushona bila uzi. Hasira ilimpanda mpaka masikioni: aliachwa ajitafune karibu mwaka mzima, na aliyejua ukweli anakula naye sahani moja! Bibi alimfuata, akasimama mlangoni na matope yake miguuni, akingoja neno.

Cherehani ikaenda, ikaenda. Mwishowe Bi Pindo aligundua kwamba hasira imekwisha kitambo na bado hasemi. Alichokosa ni pa kuanzia tu. Na hapo ikamjia kwamba pengine na mumewe alikuwa hivi hivi usiku ule: hana kinyongo na mtu, anatafuta tu pa kuanzia, akidhani kesho ipo.

Akautoa mguu kwenye cherehani.

"Mama, njoo ukae," alisema. "Sijui nianzie wapi, lakini leo hatulali kabla hatujasemezana."