Wanjala Aliyeacha Ugali

Wanjala alikuwa fundi wa matrekta Endebess, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alipanga chumba Kitale mjini. Mkewe Phelista, mwalimu wa shule ya msingi, aliishi Kanduyi, Bungoma, pamoja na binti yao Sellah, na Wanjala alikuwa akienda kwao mwisho wa wiki.

Alipoanza kushikwa na kiu isiyoisha, alikwenda kliniki. Akapimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa sukari, na kwamba asipopunguza mwili ataharibikiwa na macho na figo. Akapewa vidonge, akakanywa asivimeze bila kula. Daktari alipomuuliza habari za pombe, alijibu kwamba huonja moja tu akiwa na wageni.

Ukweli ni kwamba jioni haikupita bila yeye kukaa kwa Kabiru, mwenye baa karibu na stendi, na hakuondoka hapo baada ya chupa moja tu. Hakutaka kuacha. Kule ndiko alikopata wateja na watu wa kucheka nao. Chumbani kwake hakukuwa na mtu. Alikuwa amesikia ati bia ni mkate wa majimaji. Basi alimweleza Kabiru mpango wake: mikate mingine yote itoke kwenye sahani, bia ichukue nafasi yake.

Aliacha ugali, kisha akaacha viazi na chai ya asubuhi. Mchana alikula sukuma wiki kidogo, jioni akanywa. Vidonge hakuviacha hata siku moja, maana upofu aliuogopa kuliko kitu chochote.

Mwili ukapungua haraka. Phelista alimshonea suruali upya akifurahi, na wanawake wa kanisani walipomuuliza siri, aliwaambia mumewe ameacha ugali. Hakujua zaidi ya hapo. Huko Endebess mikono ya Wanjala ilianza kutetemeka akishika spana, na jasho la baridi likamtoka asubuhi. Alidhani ni pombe ya jana, akanyamaza.

Mwezi wa Disemba alifika Bungoma kumzika binamu yake. Alikuwa amemeza vidonge vyake Kitale, hajala kitu, na alipofika tu aliungana na wanaume waliokuwa wakinywa nyuma ya nyumba. Chakula kilipoletwa aliisukuma sahani kwa jirani yake.

"Changu kiko hapa," alisema, akiinua chupa, na wenzake wakacheka.

Jeneza liliposhushwa kaburini, tayari maneno yalikuwa yanamtoka ovyo. Alimtukana katekista mbele ya waombolezaji, shati limelowa jasho, kisha akaanguka kando ya ua. Sellah alimkimbilia, akamgusa, akarudi kumwambia mama yake kwamba baba amekuwa baridi na hajibu, wamtafutie gari la kumpeleka hospitali.

Phelista aliona jinsi watu walivyomtazama. Alikuwa ameibeba aibu ya mume mlevi kwa miaka mingi, na siku hiyo ilimshinda.

"Mwacheni alale," alisema. "Pombe ikimtoka ataamka."

Wakamfunika shuka. Watu wakala, hotuba zikaendelea, wageni wakaanza kuondoka. Phelista alipokwenda kumwamsha, povu lilikuwa limekauka mdomoni mwake.

Hospitalini muuguzi alimtoboa kidole, akaona vidonge mfukoni mwake, akaagiza dripu haraka. Alisema sukari mwilini imekaribia kuisha kabisa. Dawa na pombe vimeimaliza, na tumbo ni tupu. Akauliza amelala hivyo tangu lini.

"Tangu mchana," Phelista akajibu.

Muuguzi akaandika kwenye faili, akaenda kumwita daktari.

Wanjala alifumbua macho baada ya siku kadhaa, lakini akili haikurudi yote. Sasa yuko Kanduyi, hawezi kushika spana, naye humwita Sellah kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Phelista humlisha ugali matonge madogo madogo, naye hufungua mdomo bila ubishi.

Kabiru alikuja kumwona mara moja. Wanjala alimtabasamia kwa adabu, akauliza huyu mgeni ametoka wapi. Ni Kabiru aliyemweleza Phelista ule mpango wa bia, akiwa ameinamisha kichwa, akisema alidhani ni mzaha wa mlevi.

Alipoondoka, Phelista alimgeukia binti yake.

"Siku ile wewe uliniambia tumpeleke," alisema.

Sellah alikusanya vikombe, akaenda kuviosha nje.