Bomba Lenye Utepe Mwekundu

Bosi wetu tunamwita Mama Nyasi, na akikasirika utatamani ardhi ikumeze. Tuko watano, tunatunza bustani za watu. Kanuni yake haina mjadala: bomba lenye utepe mwekundu ni la dawa ya kuua magugu. Ukinyunyizia mbolea kwa bomba hilo, umejifukuza mwenyewe.

Mwaka jana mwenzetu Mrefu alichanganya mabomba, nyasi za mteja zikakauka zote. Alipewa dakika tano afungashe virago. Hakuulizwa neno, nasi tukaufyata.

Jumatatu hii kosa lilelile kalifanya shemeji wa bosi, mdogo wa mumewe, ambaye naye ni mmoja wetu. Hapo maji yakamfika bosi shingoni. Yeye na mumewe wanaishi kwenye nyumba ya mama mkwe wake. Akimfukuza shemeji, atalala wapi kwa amani? Akimwacha, sisi atatutazama kwa jicho gani? Siku tatu alizunguka stoo akipanga majembe yaliyokwisha kupangwa. Nilimhurumia, ingawa si sana.

Alhamisi alituita, akaketi juu ya mfuko wa samadi. Safari hii aliuliza kwanza.

"Shemeji, ilikuwaje?"

"Bomba halina utepe, shemeji. Tazama mwenyewe."

Kweli, ilibaki gundi tu.

"Umebanduka tangu lini?"

Nikaona bora niseme. "Tangu kabla ya Mrefu, bosi."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Niliogopa." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alimwambia shemeji arudi kazini. Hakuna aliyepinga, wala hakuna aliyemtazama usoni. Jioni akanichukua twende kwa Mrefu. Tulimkuta mlangoni akifua.

"Nilikukosea," bosi akasema. "Utepe ulikuwa umebanduka, na shemeji naye kakosea vilevile. Rudi kazini."

Mrefu akakamua shati taratibu. "Aliyefanya kama mimi yuko wapi?"

"Yupo kazini."

"Basi kurudi sirudi. Niandikie barua tu, useme sikuua nyasi kwa uzembe. Maana kila ninapoomba kazi, wanakupigia simu wewe."

Simu hizo nilikuwa namsikia Mama Nyasi akizipokea, tena kwa sauti ya juu, akisema Mrefu ni mzembe. Aliniomba kalamu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Walikupigia mara ngapi, bosi?" Mrefu akauliza.

"Sita," akasema, na bado hajaandika hata neno moja.