Tuta la Nyanya

Niliamka nikakuta majirani wamejaa uani kwetu, nyuso zimeinama, wanamlilia nyanya yangu.

Nyanya mwenyewe alikuwa jikoni, anakunywa chai.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Sijui, nyanya. Nadhani ni wewe."

Akapuliza chai yake. "Basi wasiondoke bila kuniona."

Ngoja nieleze. Nimemaliza chuo, kazi sijapata, naishi kwa mjomba pamoja na nyanya, mama yake. Nyanya amelima maisha yake yote. Tangu magoti yamgomee hawezi kuinama, basi anashinda dirishani akitazama ua mtupu.

Mimi moyo wangu mwepesi. Nikasema, kama yeye hawezi kuifuata ardhi chini, ardhi itamfuata juu.

Nikapiga mbao, nikatengeneza matuta mawili ya kuinuliwa, usawa wa goti, ili alime akiwa amekaa. Nikayajaza udongo. Yamenyooka, yako sambamba katikati ya ua, marefu kama mtu aliyelala.

Wewe umeshaona. Mimi sikuona.

Jioni ile fundi cherehani, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta nikiwa nagonga misumari.

"Hilo la nani?"

Kwa kelele za nyundo nilisikia "la nini". Miche ya nyanya ilikuwa kwenye ndoo miguuni pangu.

"La nyanya," nikajibu, tena kwa tabasamu.

"Jamani. Na lile jingine?"

"Bado sijaamua."

Akatoweka bila kuaga.

Sasa asubuhi hiyo nyanya alipotoka na kikombe chake, fundi alikaa chini ghafla, juu ya ndoo. Wengine walicheka mpaka machozi yakawatoka upya.

Mjomba hakucheka. Alikuwa anaelekea kazini.

"Nikirudi jioni nisiyakute. Siwezi kula chakula changu nikitazama makaburi."

"Mjomba, ni ya..."

"Nisiyakute."

Nyanya akageuka, akaanza kurudi kwenye kiti chake cha dirishani. Hapo ndipo niliumia.

Nikashika nyundo nibomoe. Macho yakaangukia kona ya ua, chini ya mpera, pale mvua iliporundika udongo kwenye mawe. Majani yamejiotea. Hakuna mstari ulionyooka. Huwezi kusema jiwe linaishia wapi na ardhi inaanzia wapi.

"Nyanya, usikae kwanza."

Waombolezaji walikuwepo, na mikono walikuwa nayo. Fundi, kwa aibu yake, alikuwa wa kwanza kubeba jiwe.

Tuling'oa mbao. Tukahamishia udongo wote mperani, tukauzungushia mawe ya palepale uani, yakapinda yanavyotaka yenyewe. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukateremka taratibu hadi chini. Pembeni tukapanda viazi vitamu, majani yatambae yafunike mawe. Mbele tukaacha jiwe moja pana la kukalia.

Nyanya akakaa hapo, akapanda miche yake mwenyewe, huku akitugombeza sote kwa raha zake.

Jioni mjomba akarudi. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja mperani, akakaa, akashusha pumzi.

"Afadhali. Makaburi umeyapeleka wapi?"

Nyanya alikuwa nyuma yake na kopo la maji. "Umelikalia, mwanangu. Na ni langu, inuka."

Mjomba akainuka. Kisha akacheka, kicheko alichokizuia siku nzima kikatoka kwa mkupuo.

Siku hizi simu yangu haitulii. Aliyeanza ni fundi cherehani: "Mwanangu, nami nitengenezee kaburi. Dogo tu, la mchicha." Jina limeganda, na mimi nimepata kazi. Nyanya ndiye mkaguzi.

Nilichojifunza ni hiki: ukimjengea mtu kitu, nenda kwanza ukakae pale anapokaa yeye, utazame kwa dirisha lake. Mimi ningefanya hivyo, ningeyaona makaburi kabla ya majirani.

Na ukiulizwa "la nani", weka nyundo chini kabla ya kujibu.